Fritz Haber: Mkemia aliyeigeuza hewa kuwa mbolea, kisha akaingiza gesi ya sumu vitani

Mkulima wa Gitega au Muyinga, nchini Burundi, anapotia yurea kwenye shamba lake la mahindi, ananufaika na kazi ya mkemia wa Kijerumani Fritz Haber, aliyefariki dunia zaidi ya miaka 90 iliyopita.

Haber alizaliwa Desemba 9, 1868, katika familia ya Kiyahudi mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Katika ujana wake, wanasayansi walihofia kwamba mbolea ya asili isingetosha kuilisha dunia. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomu zake hushikana mbilimbili kwa nguvu kubwa mno, hivyo mimea mingi haiwezi kuitumia moja kwa moja.

Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Haber alipitisha naitrojeni na haidrojeni juu ya metali ya osmiamu, katika joto na shinikizo kubwa, akapata amonia. Kampuni ya BASF, chini ya uongozi wa Carl Bosch katika kazi hiyo, ilitumia chuma badala ya osmiamu iliyo adimu. Naitrojeni hunata juu ya uso wa chuma, atomu zake zikaachana, kisha kila moja ikaungana na haidrojeni hatua kwa hatua. Hayo yalithibitishwa miongo kadhaa baadaye na Gerhard Ertl, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007.

Kiwanda cha Oppau kilianza uzalishaji mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Wajerumani kuifanya Gitega makao ya utawala wao nchini Burundi. Vita vilipozuka, amonia ilitumika kutengenezea vilipuzi. Haber mwenyewe alisimamia shambulio la gesi ya klorini mjini Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Siku chache baadaye mkewe, Clara Immerwahr, naye mkemia, alijitoa uhai.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 aliyotunukiwa Haber ilizusha malalamiko. Mwaka 1933, Wanazi walipowafukuza Wayahudi kazini, alijiuzulu na kuihama nchi aliyoitumikia vitani. Alifariki mjini Basel, Uswisi, Januari 29, 1934.

Hadi leo, amonia inayolisha mabilioni ya watu hutengenezwa kwa njia ileile iliyojaza makombora ya vita vile.