Nahodha Richard With na Meli ya Kaskazini

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya utalii katika nchi zilizo mbali na miji mikuu, huzuka pia swali moja: atangulie kutazamwa mgeni, au mwenyeji? Leo twapenda kueleza maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa kazi yake, naye ni Nahodha Richard With wa Norwei.

With alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa Tromsø, kaskazini kabisa ya nchi yake. Huko, katikati ya kiangazi, jua halizami usiku wala mchana, na katikati ya majira ya baridi halichomozi kamwe. Sisi tuliozoea machweo ya saa kumi na mbili twaona ajabu, na matajiri wa Ulaya waliona hivyo hivyo. Mwaka 1875 Thomas Cook wa Uingereza alipeleka kundi la wasafiri kwenye Rasi ya Kaskazini kutazama jua la usiku wa manane. Walitazama, wakastaajabu, wakarudi kwao. Mvuvi wa pwani ile alibaki na samaki zake, mbali na soko. Na barua iliyotoka Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua majuma matatu wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hata miezi mitano.

Mwaka 1881 With aliunda kampuni ya meli huko Stokmarknes, mji mdogo wa visiwa vya Vesterålen. Miaka kumi baadaye serikali ilitaka meli ya haraka ipite pwani yote ya kaskazini, kiangazi na baridi. Makampuni makubwa ya Trondheim na Bergen yakakataa. Hatuwezi kuwalaumu sana, maana pwani ile imejaa miamba, giza la baridi ni refu, na minara ya taa kutoka Trondheim kwenda juu ilikuwa 28 tu. Lakini With na rubani wake, Anders Holte, walikuwa wameandika kwa miaka mingi dira, mwendo na muda wa kila kipande cha njia, hata wakaweza kusafiri gizani kwa dira na saa. Mkataba wakapewa wao, pamoja na ruzuku ya krona 70,000 kwa mwaka.

Tarehe 2 Julai 1893 meli Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim, With mwenyewe akiwa nahodha. Baada ya saa 67 ilikuwa Hammerfest. Tangu hapo barua, samaki, wafanya kazi na wagonjwa walipata njia ya hakika kila juma, na wageni nao wakapanda meli hiyo hiyo.

Jambo jingine alilojaribu halikufaulu, nasi twaliona lina mafunzo kuliko lile la kwanza. Mwaka 1896 kampuni yake ilianzisha safari za watalii hadi Spitsbergen, ikajenga hoteli ndogo ya mbao kando ya ghuba. Kisiwa kile hakikuwa na wakazi wa kudumu. Hapakuwa na shehena wala abiria wa kawaida. Palikuwa na mgeni tu, tena kwa majuma machache ya kiangazi. Hoteli haikudumu. Limebaki jina la mahali, Hotellneset, yaani rasi ya hoteli, ambapo leo pana uwanja wa ndege.

With aliingia Bungeni mwaka 1910, akakaa humo hadi 1912, akafariki dunia mwaka 1930. Njia yake ingali inasafiriwa, sasa kati ya Bergen na Kirkenes, yenye bandari 34. Watalii hutoka pande zote za dunia na kulipa fedha nyingi kwa vyumba vya melini. Hata hivyo meli hutia gati usiku wa manane katika vijiji ambavyo mtalii havijui, kushusha mizigo ya duka na mwenyeji mmoja anayerudi kwake.