Adriani Atimani, Tabibu wa Karema

Sisi tukaao Mishamo twajua maana ya kufika mgeni. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Basi yafaa tumkumbuke mgeni aliyetutangulia katika nchi hii ya Katavi.

Adriani Atimani alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na Timbuktu, kando ya mto Niger. Angali mtoto aliibwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 alishika safari pamoja na wamisionari, na mwaka 1889 akawasili Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika.

Hapo hakuwa na ndugu hata mmoja. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa nchi hiyo, wakapata mwana, Yosefu, ambaye baadaye alipewa upadre. Kwa muda wa miaka 67 Atimani aliwatibu wagonjwa na kuwafundisha watu dini, hata alipofariki Karema mwezi wa Aprili 1956.

Kwao alikozaliwa hakurudi kuishi tena. Wezi walimnyang'anya kwao kwa kwanza. Kwa pili alikupata kwa kazi ya mikono yake, na kwa wema wa watu waliompokea. Twaona ya kuwa yote mawili ni lazima: mgeni ashike kazi, na mwenyeji afungue mlango.