Mwali wa Bunsen na Watoto wa Dandora

Kila niwashapo kichomeo cha gesi mbele ya wanafunzi wangu hapa Dandora, huwauliza kinabeba jina la nani. Hulitaja jina la Bunsen pasi na kusita, ila maisha yake hawayajui. Lawama ni zetu sisi walimu.

Robert Bunsen alizaliwa mwaka wa 1811 mjini Göttingen, Ujerumani. Katika ujana wake alijitosa kuchunguza aseniki, sumu kali mno. Mlipuko ukampofusha jicho la kulia, na mvuke wa sumu hiyo nusura umtie kaburini. Hata hivyo hakuiacha kazi. Mwaka wa 1855, akiwa profesa huko Heidelberg, fundi Peter Desaga alimtengenezea kichomeo chenye mwali usio na rangi. Bunsen hakukisajili kwa faida yake.

Metali nyingi zikitiwa katika mwali huo huupa rangi. Bunsen na mwenzake Gustav Kirchhoff waliipitisha nuru hiyo katika mche wa kioo, wakaona kuwa kila elementi ina mistari yake, mithili ya alama za vidole. Mwaka wa 1860 walitangaza kwamba waliweza kutambua sodiamu isiyofika hata sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu.

Bunsen alifariki mwaka wa 1899, lakini mbegu yake iliota. Mwaka wa 1955, Alan Walsh wa Australia alionyesha jinsi ya kupima nuru inayomezwa na atomi zilizo motoni: kadiri nuru inavyopungua, ndivyo metali ilivyo nyingi. Kwa njia hiyo hata chembe za risasi zilizo katika damu hupimika.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa la Dandora. Nusu ya waliopimwa walikuwa na risasi damuni kupita kiasi. Risasi haina harufu, nayo hudhuru ubongo wa mtoto polepole.

Walimu wenzangu, huenda mwanafunzi tunayemwita mzembe ni mgonjwa asiyepimwa. Tusome maisha ya Bunsen pamoja na wanafunzi wetu, kisha tudai vipimo kwa watoto wote wa mitaa hii. Aliyepoteza jicho kwa sumu alitupa njia ya kuiona, tusijifanye vipofu.