Kipofu Aliyejua Mimea kwa Pua

Juma lililopita, wakati wa kazi za mikono, tulikuta mmea nyuma ya jikoni, hakuna aliyejua jina lake. Mmoja alisema ni mnanaa, mwingine ni magugu tu, basi kelele tupu. Mwalimu akatuambia tufikiche jani, juu ya mafuta yenye harufu yamo ndani yake, halafu tufumbe macho na kunusa. Ndipo akatutajia Rumphius. Sisi tulienda kumtafuta vitabuni.

Georg Eberhard Rumphius alizaliwa Ujerumani mwaka 1627. Kijana bado, aliingia kazi katika Kampuni ya Waholanzi, na mwaka 1654 akafika kisiwa cha Ambon, ambacho leo ni cha Indonesia. Ile ilikuwa nchi ya karafuu. Kampuni ilitaka karafuu iwe yao peke yao, hata ikakata mikarafuu ya wenyeji visiwa vingine. Jambo hilo hatuwezi kulisifu, na mshahara wake ulitoka humo humo. Yeye lakini aliwauliza wenyeji majina ya mimea na dawa zake. Hao ndio waliokuwa walimu wake.

Mwaka 1670, akiwa na miaka 42, macho yakafa yote mawili. Fikirini, ndugu wanafunzi: mtu wa mimea asiyeona jani! Hakuacha. Mmea ukiletwa, aliupapasa kwa vidole, akaunusa, mwingine akauonja; rangi aliambiwa na wasaidizi. Zamani aliandika kwa Kilatini. Sasa ikabidi aanze upya kwa Kiholanzi, juu ya waandishi wake hawakujua Kilatini. Sisi tukiambiwa kuandika upya ukurasa mmoja tu, tunanung'unika.

Tarehe 17 Februari 1674, tetemeko la nchi liliwaua mke wake Susanna na binti yao. Ua moja jeupe alilipa jina la mama huyo. Mwaka 1687 moto ukala picha zake za mimea; zikachorwa tena. Mwaka 1692 meli iliyobeba maandiko ikazamishwa na Wafaransa. Bahati njema, gavana mkuu kule Batavia alikuwa amenakilisha yote kwanza. Nakala ikafika Uholanzi, na kule Kampuni ikaifungia, kwa kuogopa wengine wasijue siri za biashara yao.

Rumphius alikufa Ambon mwaka 1702, kitabu hajakishika. Kilianza kuchapwa mwaka 1741, na ndani yake mna mimea kama 1,200.

Mmea wetu ni kivumbasi. Aliyeutambua, macho yamefumbwa, ni mdogo mmoja wa darasa la kwanza: nkambo wake huchemsha majani yake watoto wakishikwa na mafua.