Lord Delamere na Somo la Njoro

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii wengi huikariri, lakini biashara yao inapodorora huzidi kung'ang'ania desturi ile ile iliyowaangusha.

Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1870, alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Kondoo wake walikufa kwa wingi, kwani malisho yalipungukiwa na madini. Ng'ombe nao wakaangamizwa na maradhi. Akageukia ngano, nayo ikaingiwa na kutu. Badala ya kupanda tena mbegu ile ile, alimwajiri mtaalamu, akafungua maabara ya kuzalisha ngano inayostahimili kutu. Mwaka 1908 alishiriki kuanzisha kampuni ya Unga. Alifariki mwaka 1931. Utafiti wa ngano ungali unaendelea Njoro.

Hata hivyo, tusimsifu kwa upofu. Aliweza kushindwa mara kwa mara na kuanza upya kwa sababu alikuwa na ardhi tele, ilhali Wamaasai waliolisha mifugo bondeni humo walihamishwa kwa mkataba wa 1904.

Basi mwanafunzi na ajifunze kutafuta chanzo cha hasara kabla ya kuongeza mtaji. Naye mwalimu asisahau kumwuliza: karo ya somo hilo ililipwa na nani?