Gor Mahia, jabilo aliyewavisha wapiganaji ngao isiyoonekana

Jina la Gor Mahia hutajwa nchini Kenya karibu kila wiki, ingawa wengi wanaolitaja huwa na soka akilini. Klabu iliyoasisiwa mwaka 1968, na ambayo mnamo 1987 ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, ililiazima jina hilo kwa mtu halisi. Huyo ni Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, mwenyeji wa Kanyamwa katika eneo la Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay ya leo. Hata K'Ogalo, lakabu ya klabu hiyo, ni kumbukumbu ya babu yake.

Gor aliishi katika karne ya 19 na inaelezwa kuwa alifariki mnamo 1920 hivi. Jina la Mahia alipewa kutokana na maajabu aliyosifiwa kuyatenda. Wazee husimulia kwamba aliweza kujigeuza mtoto, ajuza au mnyama, na adui aliyekuja kumsaka akampita bila kumtambua. Hata hivyo, masimulizi hayo matamu yameifunika kazi yake hasa. Gor alikuwa jabilo, yaani mganga wa vita na mshauri wa jamii katika mambo ya kupigana na kusuluhishana.

Uzito wa kazi hiyo hubainika mtu anapoyachunguza mavazi ya vita ya Waluo wa zama hizo. Barani Ulaya wapo wapenzi wa historia wanaotumia miaka mingi kuunganisha deraya za chuma za enzi za kati, kipande baada ya kipande, hadi zifanane na zile za asili. Anayetaka kufanya vivyo hivyo kwa mpiganaji wa Kanyamwa hana haja ya bamba la chuma. Atahitaji ngao ya ngozi nzito ya nyati, mikuki, kilemba cha manyoya ya mbuni na pambo la meno ya kiboko.

Kila kipande kilikuwa na asili yake. Kiboko alitoka ziwani, mbuni alikuwa ndege wa nyika, nacho chuma kilihitaji wahunzi, ambao wale wa Samia, ng'ambo ya pili ya ghuba, walivuma zaidi. Vazi moja basi lilikuwa ushahidi wa uwindaji, ufundi na biashara.

Lakini vazi hilo, hata likiwa na kila kipande, halikuhesabiwa kuwa limekamilika kabla ya jabilo kutimiza wajibu wake. Yeye ndiye aliyetazamia siku ya kupigana, akawapa wapiganaji bilo, ile dawa ya kuwakinga na kumdhoofisha adui. Vita vikishindwa lawama zilimwangukia yeye. Hiyo ndiyo ngao ambayo mkusanyaji wa vitu vya kale hawezi kuitundika ukutani.

Eneo hilo lilijua kujikinga tangu zamani. Thimlich Ohinga, iliyo takriban kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, ni boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na kuta zake hufikia kimo cha mita 4.2. Mnamo 2018 shirika la UNESCO liliitambua kuwa Urathi wa Dunia.

Mtihani mkubwa wa majabilo ulifika pamoja na Waingereza. Mwaka 1899 majeshi ya wakoloni yaliwashambulia Waluo wa Seme, Sakwa na Uyoma, kaskazini mwa ghuba. Mnamo 1905, na tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Geoffry Northcote, Wagusii, majirani wa Waluo wa kusini, waliuawa kwa mamia. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni mjini London, alipinga kwa maandishi mauaji ya 1908. Ngozi ya nyati haikuzuia risasi.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Waluo, majabilo walikuwa wamebashiri ujio wa wageni weupe na kuwaonya watu wasipigane nao. Gor huhesabiwa miongoni mwa wabashiri hao. Ikiwa ndivyo, basi mtu ambaye heshima yake yote ilitokana na kuwaandaa vijana kwa vita ndiye aliyewashauri waziweke ngao chini. Ushauri huo haukuwaepusha na kodi wala na utawala wa kigeni, lakini ulihifadhi maisha.

Mavazi yale hayajatoweka kabisa. Mzee anapofariki katika Homa Bay na Migori, bado wapo wanaofanya tero buru, wakikimbia na ng'ombe, mikuki na ngao ili kukifukuza kifo. Baadhi ya ngao hizo huwa za kuigiza tu. Wanaotaka kuziunda upya kwa usahihi wana kazi ya kutafuta ngozi, manyoya na meno, na vilevile kuwauliza wazee, wangali hai, maana ya kila kipande. Bila maelezo hayo, atakayelivaa vazi la wapiganaji wa Gor atakuwa amevaa pambo tu.