Frank Humplick: Mwana wa Moshi ambaye santuri yake ilisakwa majumbani

Na Mwandishi Wetu, Moshi

JUMAPILI jioni, mawingu yanapouachia mlima na upepo kushuka kufuata bonde la mto Rau, kila nyumba katika kata hii iliyo pembezoni mwa mji wa Moshi huwa na sauti yake. Huku ni kwaya, kule ni Bongo Fleva. Lakini zipo nyumba ambamo bado husikika gitaa moja kavu na sauti tatu zilizofungamana, ya kiume ikitangulia na mbili za kike zikiipokea.

Waimbaji hao si wageni. Ni watoto wa hapa hapa Moshi, Frank Humplick na dada zake wawili, na sauti zao zilihifadhiwa katika miaka ya 1950.

Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927. Baba yake alikuwa Mzungu kutoka Ulaya ya Kati na mama yake alikuwa Mchagga. Katika Tanganyika ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi, ikawa shule, hospitali na makazi ya Mzungu, Mwasia na Mwafrika hayachangamani. Mtoto aliyezaliwa katikati ya makundi hayo alikua akijua kuwa wako wanaomtazama kwa jicho la kuuliza ni wa wapi.

Jibu la Frank lilikuja kwa njia ya nyimbo. Aliimba kwa Kiswahili fasaha, akipiga gitaa kwa vidole vyepesi, na pembeni yake walisimama dada zake, Thecla Clara na Maria Regina. Santuri zao zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwa nembo ya Gallotone, na kundi lilitambulishwa kwa jina la Frank na Dada Zake. Majina ya mabinti hao hayakuwamo katika utambulisho huo, ingawa bila sauti zao nyimbo zile zingekosa nusu ya utamu wake. Nembo hiyo haikuishia kwenye santuri tu. Kampuni hiyo iliuza pia magitaa, na ndiyo maana wanamuziki wetu wakongwe hadi leo huliita gitaa kavu kwa jina la galatoni.

Kurekodi kwa siku hizo hakukuwa na mzaha. Msanii hakuweza kuimba leo, kesho akaongeza gitaa, na keshokutwa akafuta alipokosea. Wote walipiga na kuimba kwa pamoja mbele ya kipaza sauti, mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika tatu tu. Kwa hiyo anayesikiliza nyumbani leo hupata kile kile ambacho angekipata kama angekaa mbele ya waimbaji, pumzi zao, vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi, na dada anayeingia nusu hatua baada ya kaka.

Wapenzi wa muziki wa Marekani uitwao blugrasi wataitambua ladha hiyo. Bill Monroe wa Kentucky, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki huo, alianza naye kwa kuimba na ndugu yake wa damu, Charlie, katika miaka ya 1930, wakitumia nyuzi tupu bila ngoma. Kinachowavuta mashabiki wa blugrasi hata leo kuketi sebuleni na kusikiliza rekodi za maonyesho ya jukwaani ndicho kinachowavuta wapenzi wa Frank, yaani sauti za watu waliopiga pamoja, kwa wakati mmoja, bila kificho.

Lakini Frank hakuimba mapenzi peke yake, ingawa Chaupele Mpenzi ndio uliomweka katika mioyo ya wengi. Miaka ya 1950 ilikuwa ya moto. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Mwaka 1953 Waingereza waliunda Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo Waafrika wengi walilipinga. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Ndani ya hali hiyo Frank alitoa wimbo ujulikanao kama Yes No, uliozitaja kwa majina nchi za eneo hili zilizokuwa chini ya Waingereza. Kwa msikilizaji asiye makini ulikuwa wimbo wa kuchangamsha. Kwa wapigania uhuru ulikuwa ujumbe.

Watawala nao waliuelewa. Wimbo ulipigwa marufuku. Wazee husimulia kuwa askari walipita nyumba hadi nyumba kuitafuta santuri hiyo. Tafakari jambo hilo, msomaji. Mkutano wa hadhara huweza kuzuiwa kwa kunyimwa kibali, na gazeti huweza kufungwa. Lakini santuri iliyo chini ya kitanda cha mkulima wa kahawa, inayochezwa usiku kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono huku milango imefungwa, inazuiwaje? Dakika tatu za gitaa ziliigeuza sebule kuwa ukumbi wa siasa.

Baadaye Frank alifanya kazi pia na Peter Colmore, mtayarishaji mashuhuri wa Nairobi ambaye mikononi mwake walipita wanamuziki kama Fundi Konde na Edouard Masengo kutoka Katanga. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na alichokiimba kwa mafumbo kikawa kinasemwa hadharani. Nyakati zikabadilika. Magitaa ya umeme na bendi kubwa za dansi zikatawala kumbi, na gitaa kavu likarudi nyuma. Frank aliishi miaka yake ya mwisho Lushoto, mkoani Tanga, na huko alifariki dunia mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 80.

Katika miaka ya 2020 kampuni ya Mississippi Records ya Marekani ilizikusanya upya nyimbo za Frank na dada zake na kuzitoa katika santuri. Ni jambo la kushukuru, lakini lina uchungu wake. Watu walio mbali wanazithamini sauti zilizozaliwa chini ya Kilimanjaro, ilhali hapa nyumbani santuri za wazee zinatupwa pamoja na makabati mabovu, au zinageuzwa vifuniko vya mitungi.

Wakoloni waliingia majumbani kuzitafuta santuri hizo ili ziangamie. Itakuwa aibu kama kazi waliyoshindwa wao itakamilishwa na sisi wenyewe kwa uzembe. Anayekwenda kumsalimu babu au bibi Rau, Kibosho au Marangu na aulize kilichomo ndani ya sanduku la zamani, kabla mwenye sanduku hajaondoka na habari zake.

Mungu aiweke roho ya Frank Humplick mahali pema peponi. Amina.